Ni Ukumbusho Tu: Miaka Sita ya Kufuli na Gundi ya Posho

Nilistaafu siku ya Jumanne, saa saba mchana, nikiwa na umri wa miaka ishirini na minane. Hakukuwa na keki. Hakukuwa na saa ya ukutani wala hotuba. Kulikuwa na mimi, binti yangu Hadija mgongoni akilia kwa sindano mbili za chanjo, na mlango wa chumba changu hapa Kamwokya ukiwa na kufuli ambalo sikulifunga mimi.

Nililitambua lile kufuli. Lilikuwa na namba kumi na nne kwa rangi ya kucha nyekundu, na ile nne yenye mkia uliopinda ni mwandiko wangu. Naiandika hivyo tangu darasa la pili, na viboko vya mwalimu havikuinyosha. Juu ya kufuli kulikuwa na karatasi, gundi yake bado mbichi: AMLI YA MAHAKAMA. Hiyo nayo nilikuwa nimeichapa mimi.

Nikapiga simu ofisini. Akapokea Shamim, binti niliyemfundisha kazi kwa wiki mbili kabla sijaenda kujifungua.

"Anti Akello, usichukulie vibaya," akasema, sauti tamu kabisa. "Ni ukumbusho tu."

Hapo ndipo subira yangu ilipokatika. Kufuli ningelivumilia, maana nadaiwa kodi na sikatai. Karatasi pia. Lakini ile sentensi niliitunga mimi. Nilimfundisha Shamim hadi mahali pa kushusha sauti, pale kwenye "tu", ili mpangaji ajione analia bure. Nilikata simu. Nikasema pale pale uani, mbele ya majirani na kuku wao, kwamba mimi na ile kazi tumemalizana.

Basi Shamim, na wewe utakayekuja baada ya Shamim, hizi ndizo kumbukumbu zangu za kazini. Mmenikumbusha, na mimi nawakumbusha. Ya mshahara sitayasema, haukuwa mkubwa kiasi cha kusemwa. Na vyeo havikuwepo. Kulikuwa na bosi, na kulikuwa na sisi wengine.

Ofisi yetu, kama mjuavyo, iko ghorofani juu ya duka la vyakula vya kuku, na inaitwa Amani ya Mpangaji. Msicheke. Kazi yake ni kusimamia nyumba za watu wasiotaka kuonana uso kwa uso na wapangaji wao. Mwenye nyumba anakaa kwake anakunywa chai. Sisi ndio tunatukanwa kwa niaba yake.

Walitaka "binti anayejua Kiswahili". Mimi nimezaliwa kambini, baba yangu alikuwa koplo wa polisi kutoka kaskazini, mama yangu Mwislamu wa hapa hapa mjini, na nyumbani Kiswahili ndicho kilikuwa lugha ya kupatana na ya kugombana. Bwana Mayanja, bosi, alinieleza sababu. Wapangaji wake wengi walikuwa familia za askari, Wakenya na Wakongo. Luganda ya sokoni waliielewa vizuri sana. Luganda ya kodi ndiyo iliwashinda. Ukitaja kodi tu, mtu anakutazama kama ameshuka kwenye ndege asubuhi ile.

Siku yangu ya kwanza nilipewa katoni. Ndani yake makufuli kumi na manane, mapya, bado na mafuta. Bosi alikuwa ameyanunua kwa jumla mjini, na kwa kuwa ni mtu wa kubana, alichukua yale ya bei nafuu yanayofunguliwa yote na ufunguo wa aina moja.

"Hakuna haja ya funguo kumi na nane, nyabo," akanieleza, nyabo ikiwa ni "bibi" kwa Luganda, akiwa na fahari ya mtu aliyegundua umeme. "Funguo nyingi ni kerere nyingi." Alikuwa akibadilisha l na r kama wengi wetu mjini hapa, hilo si kosa la jinai. Alinipa ufunguo mmoja, mwingine akabaki nao, wa tatu ulikuwa wa Afande Ocen, nitamtaja sasa hivi. "Usipoteze," akasema. Sikupoteza. Miaka sita baadaye hakuna aliyekumbuka kuniomba niurudishe. Kwenye ofisi ya kukumbusha watu, hilo nalihesabu kuwa kichekesho.

Nikapaka namba kwa rangi ya kucha yangu. Moja hadi kumi na nane. Namba hazikuwa na maana yoyote, kwa kuwa ufunguo ni ule ule, lakini bosi alisema zinaleta heshima.

Kisha akaniketisha kwenye kompyuta. "Sasa andika balua. Herufi kubwa juu. Amli ya Mahakama."

"Amri, ssebo?" nikauliza, yaani bwana.

"Ndiyo. Amli."

"Yaani amri?"

"Nyabo, wewe umekuja kuandika au kuuliza? A-m-l-i. Amli!"

Nikaandika alivyosema. Nilikuwa na saa tatu kazini, na nilikuwa nimekaa bila kazi mwaka mzima. Nikauliza jambo moja tu la ziada: mahakama ipi? Akanijibu kwamba mahakama ni mahakama. Mhuri alikuwa nao tayari, umechongwa na wale vijana wa mjini wanaochonga huku unasubiri, na yule korongo wa nembo ya taifa katikati yake alifanana na kuku aliyenyeshewa. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa. Nchi nzima hii korti zake zinaandika Kiingereza. Sisi peke yetu tulikuwa na mahakama ya Kiswahili, tena ya Kiswahili kibaya, juu ya duka la pumba.

Kuhusu vifaa. Gundi hatukununua. Ni unga wa posho, yaani wa mahindi, maji ya moto, unakoroga hadi inavutika. Usitie chumvi. Mwezi wangu wa kwanza nilichota maji yaliyochemshiwa mihogo, yana chumvi, na asubuhi yake mbuzi wa jirani walikuwa wamelamba gundi na kutafuna karatasi yote. Wale mbuzi ndio viumbe wa kwanza katika Kamwokya kubatilisha amri yetu, na hawakuwa na wakili.

Kifaa cha pili ni daftari. Kila tukifunga mlango, naandika tarehe, namba ya chumba, namba ya kufuli, halafu neno moja: amekumbushwa. Kufuli lenyewe tuliliita ukumbusho. "Leta ukumbusho namba saba." "Yule wa chumba cha nne amekumbushwa?" Ukikaa na neno kama hilo muda mrefu, unasahau kwamba kuna mtu amesimama nje ya nyumba yake na ndoo mkononi, ndizi zake zinaiva ndani.

Afande Ocen ndiye alinifundisha kazi. Alikuwa polisi mstaafu, mwembamba, mfuko wa shati daima una karanga. Aliniita Binti ya Koplo, kana kwamba baba yangu bado yuko zamu. Bosi alimwajiri kwa sababu moja: bado alikuwa na viatu vyake vya kazi, na mpangaji akiviona chini ya mlango anadhani serikali imekuja.

Afande alikuwa na taratibu zake. Anapiga hodi mara tatu, kati ya hodi na hodi anatafuna karanga moja. Kisha anauliza maswali matatu, hata kama nyumba inaonekana tupu, anauliza kwa sauti hadi majirani wajibu.

"Kuna mtoto? Kuna moto? Kuna dawa?"

Kama kuna mtoto ndani, hafungi. Kama kuna sigiri, jiko la mkaa, inawaka, hafungi. Kama kuna mgonjwa ambaye dawa zake ziko ndani, anangoja zitolewe. Bosi alilalamika kwamba Afande anachelewesha kazi. Afande alimwambia, "Ssebo, nilifunga watu miaka thelathini. Wewe umefunga milango tu. Ngoja."

Na mpangaji akirudishiwa nyumba, Afande ndiye alibandua karatasi. Anailowesha kwa maji, anaibandua nzima bila kuichana, anaikunja, anaitia mfukoni pamoja na karanga. Nilimuuliza za nini. "Za kuwashia sigiri," akasema. Nikaamini. Mstaafu lazima abane.

Kesi ngumu ya kwanza ilikuwa Bugolobi, kwenye flati, mpangaji Mkenya, Mwalimu Wanyonyi. Alifundisha Kiswahili shule moja ya sekondari ya kulipia, na ile shule ilikuwa imekawia kuwalipa walimu miezi miwili. Kwa hiyo na yeye akakawia. Tulienda mimi na Afande. Hodi tatu. Mwalimu akafungua mwenyewe, kalamu nyekundu sikioni, madaftari ya wanafunzi mezani. Nikampa karatasi. Akaisoma amesimama. Akavaa miwani. Akaisoma tena. Halafu akaiweka juu ya lile rundo la madaftari na kuanza kuisahihisha.

Nawaambia ukweli, alisahihisha yote. Akazungushia "amli", akaandika pembeni "amri!". Akasahihisha "mpangaji anatakiwa zitoke". Chini akaandika mbili juu ya kumi, akaninyooshea.

"Mbili ni za mwandiko safi," akasema. "Sasa binti, niambie. Mahakama gani?"

Nikaigeuza karatasi kana kwamba jibu liko nyuma.

"Namba ya kesi?"

Nikamtazama Afande. Afande alikuwa anachunguza dari.

"Hakimu ni nani? Niliitwa lini nikajitetee?" Hakuwa anapiga kelele; ndiyo maana iliuma. "Sikia, nadaiwa. Sikatai, deni ni deni, na mwenye nyumba ana haki ya kulidai. Lakini kama anataka nitoke, aende kortini, na mimi niitwe, nisikilizwe, hakimu ndiye aamue. Mkinifungia, mkinikatia maji, mking'oa mlango au bati moja, hiyo si hukumu. Hilo ni kosa lenu juu ya deni langu. Sheria ya nchi yenu hii inasema hivyo, mimi mgeni nimeisoma. Wewe je?"

Mimi sikuwa nimeisoma. Tulirudi na kufuli letu. Njiani Afande alitafuna karanga zote bila kunipa hata moja, na hiyo ilikuwa dalili kwamba anafikiri. Bosi alipoiona karatasi yenye wino mwekundu alikasirika akaitupa chini, Afande akaiokota, lakini mnajua alikasirikia nini? Alisema, "Huyo Mkenya ana madharau." Kisha akaamuru Wakenya wenye miwani wapelekewe barua ya kawaida tu. "Amli" zikabaki kwa wale wasio na miwani.

Nikaenda kuitafuta ile sheria. Nilikaa Jumamosi nzima na nakala niliyoazimwa na karani mmoja wa wakili, ofisi za Nakasero, kwa malipo ya chapati mbili. Ilikuwa kwa Kiingereza cha kukunjakunja lakini nilifika kidato cha nne, si mjinga. Ilikuwa kama alivyosema Mwalimu. Kudaiwa kodi si kuacha kuwa mtu mwenye haki. Kumtoa mpangaji bila amri ya kweli ya korti ni kosa.

Na sasa nifike pale ambapo mngependa niruke. Nilijua. Jumatatu yake nilikwenda kazini kama kawaida, nikachapa "amli" nyingine mbili. Sikuisahihisha hata ile herufi. Nilijua kwa miaka minne zaidi. Andika hilo, Shamim, kwenye lile daftari kama kuna nafasi.

Kesi ya pili ndiyo inayoniamsha usiku. Mama Brenda, hapa hapa Kamwokya, mke wa askari aliyepelekwa mbali. Alikuwa fundi cherehani. Ilikuwa karibu na shule kufunguliwa, na chumba chake kilijaa sare za watoto wa watu, zimekatwa, hazijashonwa. Miezi miwili hakulipa. Afande aliuliza maswali yake matatu: mtoto yuko nje, moto hakuna, dawa hakuna. Kuhusu cherehani hakuwa na swali. Mama Brenda alinishika mkono akaniita pembeni.

"Dada, wewe si mtoto wa kambi kama mimi? Nipe siku nane tu. Nikimaliza hizi sare nalipa yote. Mkinifungia, nitashona wapi? Nitalipa na nini?"

Ilikuwa hoja ambayo hata mbuzi wa chumvi wangeielewa. Ukimfungia mtu kifaa anachotafutia kodi, hiyo kodi hujui ataitoa wapi. Nikamwambia, nikishusha sauti mahali pake, "Mama Brenda, usichukulie vibaya. Ni ukumbusho tu."

Alilala kwenye baraza la jirani siku tisa na yule mtoto. Shule zikafunguliwa. Wazazi wakaja wakagombana naye, wengine wakanunua sare sokoni. Ndugu zake walichanga akalipa, Afande akabandua karatasi, mimi nikaandika kwenye daftari "amelipa". Kwa wino wa bluu, vizuri kabisa. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Baadaye nikapata mimba. Baba yake Hadija yuko kwenye kazi ya ulinzi nje ya nchi na simu yake hupatikana anapotaka yeye. Bosi alikuwa mtu wa upole siku hiyo. "Nenda upumzike, nyabo. Kiti chako kitakungoja." Kiti kilingoja siku tatu, kisha akakaa Shamim. Simlaumu kwa kukaa. Kiti si changu. Kile kiasi nilichoahidiwa cha likizo ya kujifungua "kiko njiani" hadi leo, na kwa jinsi kinavyotembea nadhani kinakuja kwa magoti. Wakati huo huo mwenye nyumba yangu, Nalongo, yule mama wa mapacha ambaye tulielewana miaka yote kwa kuvumiliana, alizeeka akakabidhi nyumba zake zisimamiwe na ofisi. Ofisi gani? Amani ya Mpangaji.

Kwa hiyo Bwana Mayanja hakunilipa, na kwa kuwa hakunilipa sikulipa kodi, na kwa kuwa sikulipa kodi Bwana Mayanja akanifungia. Kazi safi. Hata mimi, fundi wa kazi hiyo, nilipenda ilivyoshonwa.

Turudi Jumanne, mlangoni. Nilikuwa na ule ufunguo ndani ya mkoba, kwenye mfuko mdogo pamoja na sarafu na chuchu ya akiba ya chupa ya Hadija. Nikautoa. Nikauingiza kwenye namba kumi na nne. Uliingia kama kisu kwenye parachichi. Ndani kulikuwa na godoro letu, neti, unga wa uji, nepi zote isipokuwa mbili. Ilibaki nizungushe tu.

Jirani yangu akasema, "Maama, si ufungue? Mtoto ana homa ya sindano."

Nikasimama na ufunguo ndani ya kufuli. Nikifungua, nimeingia, tumelala. Kesho bosi anasema nimeiba ufunguo na nimevunja, karatasi imechanika, na mimi ndiye mhalifu wa kesi. Na hata akinyamaza, nitakuwa nimejiokoa mimi peke yangu. Makufuli kumi na saba yatabaki yakikumbusha. Nikauchomoa. Niliutoa taratibu, maana mkono haukutaka. Jirani akaniona nimerukwa na akili. Nikampa Hadija amlaze kwake, nikapiga picha mlango, kufuli, karatasi. Kisha nikampigia Afande Ocen.

Alikuwa ameacha kazi miezi mitatu nyuma, mguu ulimshinda. Nikamweleza.

"Waliuliza maswali?" akasema.

"Hawakuuliza, Afande. Majirani wanasema hata hodi hawakupiga."

Nikasikia karanga. "Nenda kituoni, Binti ya Koplo. Nakuja na kitu."

Alinikuta kwenye ngazi za kituo amevaa vile viatu, amevipiga rangi. Chini ya kwapa alikuwa na bahasha. Akaifungua: karatasi kumi na moja, zimekunjwa, zimekauka, zina makombo ya karanga. Zote AMLI YA MAHAKAMA. Ya Mama Brenda ilikuwepo. Ile ya Mwalimu yenye wino mwekundu, mbili juu ya kumi, ilikuwepo.

"Ulisema unawashia sigiri!"

"Polisi hachomi karatasi," akasema. "Anaogopa kuzipeleka, lakini hachomi." Hakunitazama aliposema hivyo. Nikajua hakuwa akinisema mimi peke yangu.

Kwenye meza ya mapokezi kulikuwa na kijana mwenye cheo kipya begani. Alinisikiliza nusu.

"Nyabo, deni la kodi si kazi ya polisi. Hiyo ni kesi ya madai. Nenda kortini."

Hilo jibu nalijua. Miaka sita ndilo lilikuwa linatulinda sisi.

"Sijaja kwa deni, afande. Deni nalikiri, andika ukitaka. Nimekuja kwa amli."

"Amri gani?"

"Si amri. Amli." Nikazipanga mezani, moja moja, kumi na moja, na ya kumi na mbili nikamwonyesha kwenye simu, bado iko mlangoni. "Mahakama ambayo haipo imetoa hizi karatasi kumi na mbili, na mara zote kumi na mbili imekosea herufi ile ile. Hizi ni karatasi za korti za kughushi. Hayo nayo ni madai?"

Akasoma. Akaita mwenzake. Mwenzake akasoma kwa sauti, wakacheka. Na mimi ningecheka kama si nepi mbili. Kisha mkubwa wao akatoka chumba cha ndani, akamsalimu Afande kwa jina, akazitazama kwa muda mrefu, hakucheka.

"Nani alichapa hizi?"

Afande akatazama ukuta. Huo ndio wakati ambao ningeweza kusema "ofisi". Ofisi haina mikono, haifungwi.

"Mimi," nikasema.

"Nyabo, unajua unajiingiza wapi?"

"Nilishaingia miaka sita, afande. Sasa natafuta pa kutokea."

Akanisukumia karatasi yenye mistari. Akauliza naandika kwa lugha gani. Nikamwambia Kiswahili; nilichapa uongo kwa Kiswahili, ukweli nao utakaa humo humo. Hii hapa nakala, Shamim. Safari hii hakuna aliyenisomea cha kuandika.

Kwa Mkuu wa Kituo.

YAH: KUFUNGIWA NYUMBA BILA AMRI YA MAHAKAMA, NA KARATASI ZA KORTI ZA UONGO

Mimi Akello Zaituni, mpangaji, mama wa mtoto mmoja, nalalamika hivi.

Leo mchana nilikuta chumba changu Kamwokya kimefungwa kwa kufuli namba kumi na nne na ofisi ya Amani ya Mpangaji, inayosimamiwa na Bwana Mayanja. Nadaiwa kodi na nakubali. Sikuitwa kortini. Hakuna kesi. Hodi haikupigwa na haikuulizwa kama kuna mtoto, moto au dawa.

Karatasi iliyobandikwa mlangoni ni ya uongo. Naijua kwa sababu niliichapa mimi, nikiwa karani wa ofisi hiyo, kwa maneno niliyosomewa na Bwana Mayanja. Neno "amli" ni kosa lake. Kuliandika ni kosa langu. Nilipojua sheria niliendelea kwa miaka minne. Sijasahau watu wale na majina yao nitayataja yote nikiulizwa. Wa kwanza ni Mama Brenda, fundi cherehani.

Daftari la milango yote liko kwenye droo ya kushoto ya meza ya karani. Panapoandikwa "amekumbushwa", pasomeke "amefungiwa". Karani wa sasa anaitwa Shamim. Ni mgeni kazini na anasema anayoambiwa aseme, kama nilivyosema mimi. Naomba aulizwe kwa upole.

Naomba mlango wangu ufunguliwe leo mbele ya askari, na milango mingine yote iliyofungwa na ofisi hiyo bila amri ya hakimu ifunguliwe pia. Kodi wanayotudai, watudai kortini, na sisi tuwepo.

Nimeambatisha karatasi kumi na moja zilizohifadhiwa na shahidi, polisi mstaafu Ocen, ambaye yuko hapa na ataandika maelezo yake mwenyewe. Ya kumi na mbili iko mlangoni. Tafadhali ilowesheni kwa maji kwanza, isichanike.

Nimeambatisha pia ufunguo mmoja. Msitafute nyingine. Huo huo unafungua yote kumi na manane.